Kwa Kabula, Kuhusu Fa na Ti

Ilemela, Jumamosi alasiri

Kabula mwanangu,

Barua huanza na salamu, lakini wewe uko Mabatini kwenye mazoezi yako ya mwisho na jioni tutakula pamoja, kwa hiyo salamu tutapeana kwa mdomo. Kama bado utataka kuniamkia.

Habari za blanketi la kwenye meli, za kutoacha begi peke yake, za kumsalimia mama yako mdogo wa Bukoba kabla hujaketi, sitaziandika. Mama yako amezisema mara nne tangu Alhamisi na ya tano iko njiani. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimekaa nalo miaka saba. Tangu mchana nimeanza kuliandika mara tatu. Karatasi mbili nilizichana, ya tatu nikaifungia skrubu za simu ya mteja. Hii lazima ifike mwisho, kwa sababu kesho jioni meli inaondoka, na Jumatano utasimama mbele ya kwaya ya watu usiowajua, wakikungoja uwafundishe kuimba.

Unakumbuka jiwe kubwa la nyuma ya nyumba? Ulikuwa na miaka sita hivi, tumekaa juu yake tukiangalia ndege zikishuka uwanjani. Nilikwambia, wewe imba fa, mimi nitaimba ti, halafu tushikilie, mtu asiachie. Ukashikilia mpaka ukafumba macho. Ukasema, "Baba, masikio yananiwasha." Nikakwambia ni kweli, fa na ti zikikaa pamoja hazina raha, kila moja inataka kwenda kwake. Sasa wewe shuka mi, mimi napanda do. Tukaenda. Ukafumbua macho, ukasema, "Tumefika."

Sijawahi kusikia mtu akiueleza muziki vizuri kuliko hivyo, na nimekaa na walimu wengi wa muziki wanaopenda kusikika wakiongea.

Mwaka wa uzinduzi wa albamu ya kwaya ulikuwa darasa la saba, na solo ya wimbo wa mwisho ilikuwa yako. Mwalimu Magesa wa kwaya alikuchagua wewe, akawaacha wanawake wazima waliokuwa wakiitamani solo ile, na wengine walinuna mwezi mzima. Aliwaambia, "Huyu mtoto akishika do yake, hata radi ipige, haiachii." Yashike maneno hayo.

Mimi nami nilikuwa na mambo yangu. Kwa miezi minne nilikuwa nafunga mapema kibanda changu cha simu pale Mabatini, naweka pembeni kisu cha risasi, kile cha kuchomelea waya, nakaa na simu kuwatazama wapiga vinanda wa injili wa nchi za mbali. Wewe sasa unazijua zile kodi zao, noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, vizuri kuliko mimi, lakini wakati ule hapa kwetu zilikuwa mpya. Mkono wa kushoto unashika kodi moja, wa kulia unapandisha nyingine juu yake, ya ufunguo mwingine kabisa wenye do yake nyingine, na zote zinalia pamoja. Tuliziita kodi za ghorofa. Nilipozisikia mara ya kwanza nilisimama katikati ya kibanda kama mtu aliyeitwa jina lake.

Kilichonikamata zaidi ni ujanja mmoja. Zile fa na ti za juu ya jiwe, ambazo nilikufundisha kwamba zina kwao kumoja, kumbe zina kwao kuwili. Ukiziwekea ghorofa sahihi juu yake, ti inaweza kushuka badala ya kupanda, na fa ikapanda badala ya kushuka, na ghafla umetua kwenye ufunguo ulio mbali kuliko funguo zote. Noti ni mbili zilezile, lakini zinakupeleka kwa watu wengine. Nilipoipata kwa mara ya kwanza niliirudia mpaka mama yako akasema kutoka jikoni, "Baba Kabula, hiyo nyimbo ina mwisho kweli?"

Sikumwambia mtu. Kwenye mazoezi niliupiga wimbo wako kama ulivyo, nikauficha ujanja wangu kama suti mpya inayongoja siku yake. Nilikuwa nimesikia kwamba uzinduzini atakuja mpiga kinanda wa Dar, yule ambaye vijana wote wa Mwanza walikuwa wakimwiga hata namna ya kukaa kwenye kiti. Nilitaka anisikie. Mwanangu, nimejitafutia sababu nyingine kwa miaka saba, nzuri nzuri, za kiroho. Hakuna. Nilitaka mtu mmoja aliyekaa safu ya mbele, karibu na mgeni rasmi, ageuze shingo.

Ubeti wa tatu ukaisha. Kwaya ikanyamaza kama tulivyopanga, kinanda kibaki peke yake kikishika fa na ti kwa mapigo manne, kirudi do, nawe uingie na kiitikio. Ulikuwa umeshika maiki kwa mikono miwili. Uliniangalia. Mimi nilikuwa namwangalia mgeni wa Dar.

Nikapandisha mkono wa kulia ghorofani. Sauti ikavimba, akina mama wakapiga vigelegele. Mapigo manne yakaisha. Ti nikaishusha, fa nikaipandisha, nikatua nilikotaka kutua. Na wewe ukaingia pale ulipofundishwa kuingia.

Uliimba do, Kabula. Do ileile tuliyoishika wimbo mzima, haikupanda wala kushuka hata unywele. Kati ya do yako na yangu palikuwa na hatua tatu nzima, pengo lilelile la fa na ti, na masikio ya ukumbi mzima yakawasha. Spika kubwa zilikuwa zinatoa kinanda changu, na wewe ulikuwa na koo la mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nani angeonekana amekosea?

Ulishika maneno saba. Nimeyahesabu. Maneno saba peke yako, umenikazia macho, ukingoja nirudi. Ningeweza kurudi, ilikuwa kazi ya pigo moja tu. Lakini kurudi kungemwonyesha yule mgeni kwamba nimepotea, kwa hiyo nikaendelea mbele. Kwenye neno la nane sauti yako ikakatika. Rehema, mwimbaji mwenzako, akachukua maiki mkononi mwako, akasikiliza kinanda, akaimba kwenye ufunguo wangu, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Baadaye, tukikunja nyaya, mgeni akanifuata. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, ile ya mwisho umeitoa wapi? Ile ni hatari!" Hapohapo, nyuma yake, Mwalimu Magesa alikuwa akiwaambia wazee, "Yule mtoto ametoka nje ya sauti kabisa. Kosa langu, nimempa mzigo mkubwa." Nilisikia yote mawili kwa sikio moja. Ili nikutetee wewe ilibidi nirudishe ile sifa ya mgeni, na nilikuwa sijamaliza hata kuionja. Nikacheka, nikasema, "Ni mazoezi tu, kijana wangu."

Ukaja wewe. Bado na sare ya kwaya, kola imelowa. Ukanivuta pembeni, ukaniuliza kwa adabu kama mwanafunzi anayetaka kusahihishiwa daftari: "Baba, nilikosea wapi?"

Nikakujibu, "Hukunisikiliza, mama."

Ukasema, "Samahani, baba."

Nimeliandika, basi. Hilo ndilo jambo. Mengine yote ni namna nilivyoishi nalo.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu. Watoto wa shule ya Jumapili walikuita Redio Mbovu, nami nikawakemea kwa sauti kubwa ili nionekane baba mwema. Mama yako, kwa huruma, akakushauri upumzike kuimba, akasema si kila mtu amepewa sikio. Mwalimu Magesa akakuhamishia kwenye kugawa madaftari ya nyimbo. Na mimi nikakununulia kinanda kidogo cha betri, nikaanza kukufundisha kila jioni, na watu wakanisifu tena. Nilikuwa nakufundisha vidole ili usiniulize habari ya koo.

Usifikiri kwamba sikuwa na hakika. Nilijua siku ileile. Simu yangu ilikuwa juu ya kinanda, inarekodi, kwa sababu nilitaka kujisikiliza mwenyewe nikifika nyumbani. Nikajisikiliza. Nilikusikia na wewe. Ile simu ilikufa kioo zamani, lakini mimi ni fundi, sauti niliitoa. Iko kwenye memori kadi iliyo ndani ya bahasha hii. Ukiisikiliza, usinisikilize mimi. Shika do kwenye kinanda chochote kabla ya wimbo kuanza, uiweke kichwani, halafu ngoja mpaka uingie. Utasikia mwenyewe nani alibaki na nani aliondoka.

Sasa kwa nini leo. Alhamisi nilikuwa uani nikichomelea waya wa spika, nikakusikia ukimwambia mama yako, "Kule nitawafundisha kwa vidole tu. Sauti ya kwanza nawapigia, ya pili nawapigia. Sitaimba hata mstari." Mama yako akauliza, umeme ukikatika je? Ukacheka kidogo, kile kicheko chako cha kufunga mjadala. "Nitangoja urudi. Sina sikio, mama. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua. Kisu cha risasi kilinichoma kidole na sikukitoa haraka.

Wewe unajua kama mimi kwamba mwalimu wa kwaya asiyeimba hatamaliza miezi mitatu. Wale wazee wa besi hawasomi noti, wanafuata mdomo wako. Sauti ya pili wakipotea, hawarudishwi kwa kidole, wanarudishwa kwa kuimbiwa sikioni. Watakuvumilia wiki ya kwanza kwa sababu ya ugeni, ya pili kwa sababu ya vidole vyako, halafu wataanza kunong'ona, na wewe utakubaliana nao hata kabla hawajasema. Utarudi na meli ukiamini kwamba ni kweli. Na uongo huo nimeupanda mimi.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako kwanza. Alikuwa anasukuma chapati zako za safari. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, halafu akauweka mti wa chapati chini.

"Miaka saba, Baba Kabula?"

"Ndiyo."

"Miaka saba namwambia mwanangu anyamaze?"

Akasukuma chapati moja, akaichana, akaisukuma tena. "Usiniambie mimi," akasema. "Mwambie yeye. Na usimwambie kwa kumvizia, mwandikie, apate muda wa kukukasirikia vizuri." Kwa hiyo hata wazo la barua si langu.

Kutoka hapo nikaenda kwa Mwalimu Magesa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mzee mwenzangu," akasema, "mimi ndiye niliyemtoa." Mwisho akasema kesho kwaya itakapokuaga wataimba wimbo uleule wa uzinduzi, ilishapangwa, na Rehema ndiye angeimba solo. "Nafasi ni ya Kabula akiitaka. Asipoitaka, Rehema yupo. Mtoto asisukumwe." Nami nikamwomba dakika mbili kabla ya wimbo nisimame niseme mbele ya watu, kwa sababu aibu yako ilikuwa mbele ya watu. Lakini kama hutaki nisimame, niambie leo, au mwambie mama yako aniambie, nami nitaenda kwa kila mmoja wao nyumba kwa nyumba. Hiyo ni haki yako kuamua.

Naogopa, Kabula. Naliandika hilo wazi. Naogopa utakavyoniangalia utakapoingia kesho na sare yako. Naogopa usiponiamkia, na naogopa zaidi ukiniamkia kwa adabu tu, kama unavyowaamkia wazee wa mtaa. Sikuombi unisamehe kabla ya meli. Meli ina ratiba yake, na moyo wako usilazimishwe kufuata ratiba hiyo.

Kuna kitu kimoja zaidi. Sitaki uondoke ukidhani zile kodi ndizo zilizokukosea, ukaanza kupiga do mi so tupu kama adhabu. Ni nzuri sana. Fa na ti zisipokuwepo wimbo unalala, na ghorofa ikipandishwa mahali pake hata mimi mzee nywele zinanisimama. Pasaka iliyopita nilikuwa nimekaa nyuma, wewe uko kwenye kinanda, mama mmoja anaimba ushuhuda wake. Akafika mahali machozi yakamzuia. Ulikuwa umeshika fa na ti, umepandisha juu yake kitu ambacho hata sasa sijui ulikitoa wapi, kinawaka moto. Mimi ningekwenda, mapigo manne yalikuwa yameisha. Wewe hukwenda. Ulikuwa unauangalia mdomo wake. Ukashikilia manne mengine, na manne mengine, kanisa zima limekaa juu ya sindano, mpaka yule mama akavuta pumzi. Alipovuta, ukatua, naye akatua, pamoja.

Nilitoka nje nikasimama ukutani. Nilikuwa nimekufundisha ujanja wote niliokuwa nao, na hicho sikukufundisha, kwa sababu sikuwa nacho. Nadhani ulijifunza siku ile ulipokuwa unaniangalia mimi, ukingoja, na mimi sikukuangalia. Nikilifikiria hilo nakosa pa kuweka uso.

Mtu mwenye uwezo wa kusikia pumzi ya mwenzake namna ile hana sikio? Jamani. Kila mtu anajua, ulisema. Kila mtu alidanganywa na fundi simu mmoja wa Mabatini.

Sasa kuhusu kesho. Unajua aibu yangu nyingine, ile unayonitania nayo: kwamba mimi ni mpiga kinanda wa kitufe. Kwamba najua ufunguo mmoja, na nikitaka mwingine nabonyeza kitufe mashine inanihamisha, na siku kitufe kikifa nami nimekufa. Ni kweli. Hata ule ufunguo wa uzinduzini niliukariri kwa kiitikio kile tu. Ndiyo maana waimbaji wanaoanza bila kungoja kinanda hunitoa jasho, wewe unawapata kwa noti mbili na mimi bado natafuta kitufe. Tangu ulipoitwa Bukoba nimekuwa nikijifunza funguo zote kumi na mbili kwa mkono, kibandani, wateja wakidhani nimerukwa na akili. Nina tisa. Tatu bado zinanishinda.

Kesho kwaya itakaponyamaza baada ya ubeti wa tatu, sitapiga kitu. Hakuna fa, hakuna ti, hakuna ghorofa. Mikono nitaiweka mapajani na macho nitayaweka kwako. Mgeni yeyote akae safu ya mbele, hata awe nani, sitamwona. Ukimpa Rehema ishara aimbe, nitampigia Rehema vizuri, na hakuna atakayejua kilichopita kati yetu. Ukitaka kuimba, usiningoje nikupe sauti. Niliwahi kukupa, na unajua nilikupeleka wapi.

Anza pale utakapoona ni pako, hata kama ni kwenye moja ya zile tatu zinazonishinda. Huenda nikachelewa. Huenda ukaimba maneno saba peke yako tena, watu wakageuza shingo, wakafikiri unakosea. Usiache kwenye la nane. Mimi nitakuwa nakutafuta, mama, noti kwa noti, mpaka nikupate.

Baba yako